Kupona Uraibu Hakuishii Dirishani

Mzazi anapomleta mwanawe kliniki kwa mara ya kwanza, swali lake hutangulia salamu: "Sista, nani kamharibia mwanangu maisha?" Mara nyingi jibu huja nalo mwenyewe. Ni yule rafiki wa Magomeni. Ni wapiga debe wa stendi. Ni mke aliyeondoka na watoto. Ni mtu aliyemtupia jini.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwenye dirisha la kliniki moja hapa Dar es Salaam. Swali la mzazi nalielewa. Mtu akiumia hutafuta wa kumlaumu. Lakini nimewasikiliza waraibu wengi wakisimulia habari zao, na nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa. Kinachomwingiza mtu kwenye unga, yaani heroini, sicho kinachomweka humo, na kinachomweka humo sicho kinachomrudisha baada ya kutoka. Ni mambo matatu, na kila moja lina tiba yake. La kwanza tumewaachia polisi. La pili tumewaachia madaktari. La tatu halina mwenyewe, na ndilo linalotupotezea watu ambao tayari tulikuwa tumewapata.

Nianze na kuanza. Heroini haitengenezwi hapa kwetu. Hutokana na afyuni, ambayo kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ililimwa Afghanistan, ikavushwa hadi pwani ya Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi na kushushwa katika mwambao wetu ili iendelee na safari kwenda kusini mwa Afrika na Ulaya. Mzigo unaopita mahali hauachi kudondosha. Wanaosaidia kuupitisha, wengine hulipwa kwa mali yenyewe, na mali hiyo huuzwa mtaani kete kwa kete. Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, katika Dar es Salaam na Iringa. Nchi ambayo mzigo wa namna hiyo unaweza kukutwa ndani yake ni nchi ambayo kijana hahitaji kusafiri kuutafuta unga. Upo mtaa wa pili.

Kwa hiyo siwabezi wanaolinda bandari na fukwe. Kila kilo inayokamatwa ni kete nyingi ambazo hazitafika maskani, pale wanapokutana wavutaji. Ila ukaribu wa unga hautoshi kueleza uraibu. Vijana wa mtaa mmoja hupita mbele ya maskani ileile kila siku, mmoja akanasa na wenzake wakaendelea na safari zao.

Nikizikumbuka habari nilizosimuliwa, njia za kuingia ni nyingi. Wapo walioanza na sigara na bangi wakiwa bado na sare za shule, wakaja kupewa kokteli, yaani msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, na wengine walivuta kwa siku kadhaa bila kujua kilichomo. Yupo aliyeanguka jengoni akiwa kibarua, mgongo ukakataa kupona, mwenzake akamwambia kuna kitu kinaondoa maumivu dakika hiyohiyo. Wapo wanaofanya kazi za usiku, wakatafuta cha kuwakesha kisha wakatafuta cha kuwalaza. Wapo waliofiwa na mama wakiwa wadogo, wakahamishwa nyumba hii na ile hadi wakaona maskani ndipo mahali pekee panapowatambua kwa jina. Wasichana wengi walioninyooshea mikono yenye makovu waliniambia jambo lilelile: wa kwanza kuwawashia alikuwa mpenzi.

Damu nayo ina sehemu yake. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa nje ya familia zao zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wepesi wa mtu kunasa kwenye uraibu hurithiwa. Sonona, hofu isiyokwisha na makovu ya kupigwa au kuingiliwa utotoni huongeza uwezekano. Kadiri mtu anavyoanza mapema, kabla ubongo haujakomaa, ndivyo kutoka kunavyokuwa kugumu. Kwa mzazi aliyekaa mbele yangu maana yake ni hii: rafiki wa Magomeni anaweza kuwa kweli alitoa kete ya kwanza, lakini hata akifungwa leo, mwanao kesho asubuhi bado atakuwa na arosto, maumivu ya kukosa unga.

Hapo tunaingia jambo la pili, la kuendelea. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza heroini madukani kama dawa ya kikohozi. Waliitangaza kwa nia ya kutibu, na haikuchukua muda mrefu madaktari wakaanza kuona wagonjwa wasioweza kuiacha. Sababu iko mwilini. Ubongo hutengeneza wenyewe viini vya kupunguza maumivu na kuleta utulivu. Heroini huja kukaa kwenye vipokezi vilevile, kwa nguvu kubwa mno. Ikija kila siku, ubongo hupunguza kazi yake na kuitegemea ya kutoka nje. Siku isipokuja, mwili hubaki mtupu.

Huo utupu ndio arosto. Huanza na miayo na machozi, kisha kamasi, jasho la baridi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma kana kwamba inavunjwa, na usingizi kukimbia. Siku ya pili na ya tatu huwa kali zaidi. Baada ya wiki hivi mwili hutulia, lakini hamu yenyewe hukaa miezi, pengine miaka. Mtu akishafika hapa, raha iliyomwingiza haipo tena. Kijana mmoja aliniambia: "Sista, mimi sivuti nilewe. Navuta niweze kusimama." Ndiyo maana maonyo, viboko na kufungiwa chumbani havimtibu. Unamwadhibu mtu kwa jambo ambalo mwili wake tayari unamwadhibu kwalo kila asubuhi.

Hapa pwani hali ilizidi kuwa mbaya miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ilipoenea heroini nyeupe inayoyeyuka haraka kwenye maji. Waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga, sindano zikazunguka mkono kwa mkono, na virusi vya Ukimwi na homa ya ini vikasafiri nazo. Serikali ilijibu, na katika hili nchi yetu inastahili heshima. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, baadaye Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, ikaendelea Malindi na Mombasa. Huduma katika kliniki zetu za umma ni bure.

Methadoni siyo jambo la majaribio. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York waliandika habari zake mwaka 1965, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hukaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini, lakini huingia taratibu na kudumu siku nzima au zaidi. Mtu haruki juu wala haanguki chini. Anakula, analala, anafanya kazi, anakumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto wake.

Naomba msomaji asogee karibu aone inavyofanyika. Mtu hufika dirishani akataja namba yake, nami humtazama usoni kabla ya kutazama faili. Kama kope zimelegea na mboni zimesinyaa, au ananuka pombe, simpi kwanza. Hukaa pembeni akaonwa na daktari, kwa sababu methadoni juu ya heroini au pombe inaweza kuzima pumzi. Kama yuko sawa, napima dozi yake, naichanganya na maji kwenye kikombe, anakunywa mbele yangu, halafu namwomba aseme neno. Wengine husema shikamoo, wengine asalaam aleikum, mmoja hutaja timu yake iliyoshinda jana. Mdomo unaosema ni mdomo uliomeza. Dozi ya kwanza huwa ndogo, ikapandishwa kwa wiki kadhaa, kwa kuwa dawa hii hujikusanya mwilini na pupa yake huua.

Kuna baba mmoja, mvuvi wa zamani, alikuwa ametulia kwa muda mrefu. Akagundulika na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa. Haukupita muda akawa anafika dirishani akipiga miayo, machozi na kamasi zinamtoka. Binti yake akaja kunivuta pembeni: "Sista, baba kaanza tena." Hakuwa ameanza. Rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, hulifanya ini liiondoe methadoni kwa kasi, hivyo dozi ya leo haifiki kesho. Daktari aliipandisha kidogo kidogo na miayo ikakoma. Lakini mzee alikuwa ameshaamua kuacha dawa za kifua kikuu, kwa sababu alizihisi ndizo zinazomrudisha motoni, na nyumbani hakuna aliyemwamini alipoapa kwamba hajagusa unga. Angeziacha, angerudi kukohoa ndani ya chumba anacholala wajukuu. Namsimulia huyu kwa kuwa anaonyesha uraibu ulivyo: ugonjwa wa mwili unaohitaji mtu wa kuusoma mwili, na wakati huohuo ugonjwa wa kutoaminiwa.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa misikitini, makanisani na kwenye daladala: si mnawabadilishia ulevi kwa ulevi? Hapana. Mlevi ni yule ambaye maisha yake yanaendeshwa na kileo. Anayekunywa methadoni kila asubuhi akaenda kazini yuko sawa na anayemeza kidonge cha shinikizo la damu kila asubuhi akaenda kazini. Wote wawili wakiacha ghafla, ugonjwa hurudi. Wapo wanaopunguza dozi polepole hadi wakaacha, na wapo watakaoendelea miaka mingi. Mama mjamzito aliye kwenye unga hushauriwa aanze methadoni badala ya kuacha ghafla, kwa usalama wake na wa aliye tumboni. Kiongozi wa dini anayemwambia muumini wake aombewe na aendelee kunywa dawa anaokoa maisha. Anayemwambia atupe dawa kwa sababu ameshaombewa anampeleka kaburini akiwa na nia njema.

Nieleze pia mipaka ya dawa hii, kwa sababu wazazi wengi huja wakiitaka kwa kila kitu. Methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Haitibu bangi, mirungi, kokeini wala pombe. Pombe, kwa jinsi ilivyozoeleka kwenye vigenge na harusini, ina hatari ambayo watu hawaijui: mnywaji wa kila siku kwa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kufa. Arosto ya heroini hutesa sana lakini kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni nadra kuua. Ya pombe huua. Usimfungie ndugu yako mlevi chumbani ili "aache kwa nguvu". Mpeleke hospitali, aachishwe akiwa chini ya uangalizi.

Sasa nifike kwenye jambo la tatu, lililonifanya nishike kalamu. Mtu ametulia, anakunywa dozi, arosto hana. Kwa nini anarudia?

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtushwa na habari kwamba askari wake wengi waliokuwa Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia baada ya kurudi nyumbani. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu alipokuwa kule. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza nyumbani, waliorejea kwenye uraibu kati ya hao walikuwa takriban 5 kwa kila 100. Wengi hawakuamini. Lakini fikiria walichokuwa wameacha nyuma: vita, hofu, unga wa bei rahisi na wenzao wa kuvuta nao. Na walichokuta: mama, mtaa wa utotoni, kazi, watu waliowajua kwa sura nyingine.

Mgonjwa wetu hana nchi nyingine ya kurudi. Anatoka dirishani saa tatu asubuhi na kurudi mtaa uleule, chumba kilekile, na anaopishana nao wa kwanza ni wale aliokuwa akivuta nao. Nyumbani hakabidhiwi hata hela ya mchicha. Simu ikipotea, ni yeye. Mtaani anaitwa teja hadi na watoto waliozaliwa akiwa ameshaacha. Siku nzima iko mbele yake na hana pa kuiweka. Ubongo wake unakumbuka jambo moja ambalo lilikuwa likiimaliza siku kwa haraka.

Nilikuwa na kijana fundi wa kuchomelea, mkono wake safi, mageti aliyotengeneza bado yapo mitaani. Alipata kazi kwenye karakana inayofunguliwa saa moja asubuhi. Dozi yake ilikuwa upande wa pili wa jiji, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hata akiwahi foleni namna gani, alifika kazini wenzake wakiwa wameshanywa chai. Bosi alimvumilia wiki za mwanzo, kisha akamwambia asirudi. Hakuthubutu kumweleza anakotoka kila asubuhi, kwa kuwa alijua akisema neno methadoni bosi atasikia neno teja. Alichagua dozi akakosa kazi. Nauli ilipokwisha akakosa na dozi. Aliporudi dirishani, mboni zake zilinieleza kabla hajafungua kinywa. Tulimpokea siku hiyohiyo, akaanza upya. Lakini niambieni, huyu alirudishwa na nini? Rafiki mbaya hakuwepo. Tamaa haikuwepo. Kilichomrudisha ni nauli na saa ya kufungua karakana.

Na kurudia kuna hatari ambayo kila familia inapaswa kuijua. Mtu aliyekaa bila unga kwa miezi, awe gerezani, kijijini kwa bibi au kwenye soba, yaani nyumba ya kupona uraibu, mwili wake umepoteza uzoefu. Akirudi akapiga kiasi alichokuwa akipiga zamani, kinaweza kumzima pumzi usiku huohuo. Wengi wanaofia chooni na mlango umefungwa kwa ndani ni waliokuwa wametoka tu mahali walikoacha. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini, akipewa kwa wakati. Inapaswa kuwa karibu na watu, kwa waelimishaji rika na wasimamizi wa soba, badala ya kubaki kabatini hospitali.

Kuhusu soba niseme wazi. Zipo nzuri, zinazoendeshwa na waliopitia wenyewe, na Zanzibar imetufundisha mengi katika hilo kwa mikutano ya kila siku, kwa hatua 12 za kupona, na kwa mtu aliye safi kumshika mkono aliyefika jana. Zipo pia ambazo mgonjwa hupigwa, hufungwa na kunyimwa dawa zake za Ukimwi au kifua kikuu. Kabla hujamlipia mwanao, uliza kama nyumba hiyo imesajiliwa, uliza kama kuna daktari anayepita, na uombe kuona wanapolala. Ukizuiwa kuona, ondoka naye.

Ninayoyadai hayahitaji hospitali mpya kubwa. La kwanza ni kusogeza dozi. Ikiwa kituo cha afya cha kata kinaweza kutunza dawa za Ukimwi na kifua kikuu, kwa mafunzo na ulinzi unaostahili kinaweza kuwa na dirisha la methadoni. Na dirisha lifunguliwe alfajiri, saa kumi na mbili, kibarua anywe apite. Aliyetulia kwa muda mrefu, mwenye vipimo safi na mtu wa kumsimamia nyumbani, abebe dozi za siku kadhaa. Wakati wa korona, Machi 2020, Marekani iliruhusu wagonjwa waliotulia kubeba dozi za hadi siku 28, na baadaye ikaona ifanye ruhusa hiyo kuwa ya kudumu. Kila siku moja ambayo fundi hapandi daladala nne ni siku ya kazi kamili.

La pili ni kazi. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya waliopona huchelewa kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu mtaa wenyewe hautaki kuwadhamini. Naomba maofisa maendeleo ya jamii wapokee barua ya kliniki inayothibitisha kwamba kikundi fulani kimetulia, na waifanye kuwa sehemu ya dhamana. Vyuo vya ufundi vitenge nafasi chache kila muhula. Na wewe mwenye karakana, saluni au duka la spea, chukua mmoja. Mpe majaribio kama unavyompa mtu mwingine yeyote, akiharibu mwondoe kwa kosa alilofanya, asiondolewe kwa jina aliloitwa zamani.

La tatu ni wanawake. Kwenye foleni yangu ni wachache mno wakilinganishwa na ninaowajua mitaani, na hawaji kwa sababu wanaogopa kuonekana. Mwanamume mraibu huitwa mgonjwa siku akipona. Mwanamke mraibu huitwa malaya hata baada ya kupona. Mwenye mtoto mgongoni huogopa atanyang'anywa. Watengewe saa yao, kona ya watoto, na muuguzi wa kuwasikiliza mlango ukiwa umefungwa. Mengi wanayoyahitaji hayahusu unga, yanahusu waliyofanyiwa kabla ya unga na wakati wa unga.

La nne ni la nyumbani. Mwanao akirudia, usitupe nguo zake nje. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walilinganisha uraibu na pumu, kisukari na shinikizo la damu, wakaona kurudia kunatokea kwa kiwango kinachokaribiana. Kurudia ni ishara kwamba tiba inahitaji kurekebishwa. Mlete kliniki siku hiyohiyo. Imani irudishwe kwa ngazi: leo hela ya mkate, mwezi ujao hela ya sokoni, baadaye ufunguo wa nyumba. Simwambii mzazi ajifanye hakuibiwa. Aliibiwa, na ana haki ya kuwa na hasira. Namwambia aweke ngazi inayoonekana, ili kijana ajue anapanda kuelekea wapi.

Na kitu kimoja nawasihi muache kukiuliza: "Utamaliza lini hiyo dawa?" Nimeona vijana waliotulia wakikimbilia kupunguza dozi haraka ili kumfurahisha baba, wakaanguka ndani ya miezi michache. Dozi ni ya mgonjwa na daktari wake. Kazi yenu ni siku inayoanza baada ya dozi.

Bajeti za halmashauri zetu hupangwa kila mwaka kabla ya Julai. Diwani wako atakapoitisha mkutano wa kata, utasikia habari za barabara, za maji na za madarasa, na zote ni za haki. Simama uulize na hili: kata yetu ina waraibu wangapi wanaopanda daladala mbili kufuata dozi, na ni lini dirisha litafunguliwa kwenye kituo chetu cha afya? Ukijibiwa kwamba suala hilo ni la polisi, mwambie polisi wameshafanya sehemu yao. Ukijibiwa kwamba ni la hospitali, mwambie nesi mmoja ameandika gazetini kwamba hospitali inafanya yake kila asubuhi. Iliyobaki ni yetu, na mtaa unaoidai ndio utakaopata watu wake wakiwa wazima.